Kihatarishi si Kisababishi

Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii humlaumu mgonjwa. Je, tumlaumu nani pale ambapo maneno yenyewe ndiyo yanayomficha ukweli?

Wakati wa likizo, baba yangu mdogo, mwenye umri wa miaka 58, alinionyesha kijikaratasi alichopewa kwenye zahanati. Kiliandikwa “Visababishi vya Saratani ya Tezi Dume”, na chini yake yaliorodheshwa mambo matatu: umri, ukoo na asili ya Kiafrika. Akaniuliza, “Mwanangu, wewe unayesoma Kiswahili, nieleze. Ikiwa Uafrika wangu ndio uletao ugonjwa, nitakimbilia wapi?” Alikuwa amekata shauri kutokwenda kupimwa.

Kwa maoni yangu, kosa halikuwa lake. Kisababishi huzaa tokeo. Kihatarishi huongeza tu uwezekano wa tokeo hilo. Kijidudu kinachoenezwa na mbu ndicho kisababishi cha malaria; kulala bila chandarua ni kihatarishi.

Hali ni hiyo hiyo kwa tezi dume. Saratani hii ni nadra kwa walio chini ya miaka 40, na huongezeka sana baada ya miaka 50. Mtu ambaye baba au nduguye wa kiume aliugua, uwezekano wake wa kuugua ni takriban maradufu. Hata saratani ya matiti ya mama au dada yafaa kutajwa kwa daktari, kwani kasoro katika jeni ya BRCA2 hurithiwa na wana wa kiume vilevile. Nchini Marekani, wanaume weusi hufa kwa maradhi haya kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya weupe, na kuchelewa kupata matibabu ni sehemu ya sababu.

Hata hivyo, hatari si hukumu. Askofu Desmond Tutu aligunduliwa kuwa na saratani hii mwaka 1997, akaishi hadi 2021, akiwa na umri wa miaka 90. Nelson Mandela aligunduliwa kuwa nayo mwaka 2001, akatibiwa, akafariki mwaka 2013 akiwa na miaka 95.

Huenda wapo watakaosema kuwa haya ni ya madaktari, si ya wanaisimu. Sikubaliani nao. Tasfida tunayoisifu darasani ina gharama yake nyumbani. Mjukuu atakijuaje kihatarishi cha ukoo ikiwa aliambiwa tu kwamba babu “alisumbuliwa na mkojo” au aliaga kwa “ugonjwa wa wazee”? Heshima iliyokusudiwa kumsitiri babu humwacha mjukuu gizani.

Hatuna budi basi, sisi wanafunzi na wahadhiri wetu, kushirikiana na wenzetu wa vitivo vya tiba ili kuhakiki vijikaratasi vya afya kabla havijamfikia mwananchi. Na kila mmoja wetu aulize nyumbani, kwa adabu lakini bila kuzungukazunguka, ni maradhi gani yaliyowapata wazee wake. Aliye na kihatarishi azungumze na daktari mapema, asingoje dalili.

Nilipomweleza baba mdogo tofauti ya maneno hayo mawili, alinyamaza kitambo. Juma lililofuata alikwenda kupimwa damu.