Minnesota: Baridi yawa mtihani kwa mabasi ya umeme

Januari 30, 2019, kipimajoto katika uwanja wa ndege wa Minneapolis–Saint Paul, nchini Marekani, kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Zaidi ya miezi minne baadaye shirika la usafiri wa umma la miji hiyo pacha, Metro Transit, lilizindua njia ya C Line ikiwa na mabasi 8 ya umeme.

Uamuzi huo haukuwa wa kiufundi tu. C Line inapita Penn Avenue, kaskazini mwa Minneapolis, katika mitaa ambayo wakazi wake, wengi wao Wamarekani weusi, wamelalamikia hewa chafu na ugonjwa wa pumu kwa miaka mingi. Kwao, basi lisilotoa moshi ni suala la afya ya watoto.

Hata hivyo, mwaka 2021 mabasi hayo yaliegeshwa kwa miezi kadhaa kutokana na hitilafu za mitambo ya kuyachaji, na ya dizeli yakashika nafasi yake. Aidha, betri hudhoofika penye baridi kali, na kulipasha joto basi ambalo milango yake hufunguliwa kila kituo hula umeme mwingi.

Ndiyo maana mabasi ya mseto, yenye injini ya dizeli pamoja na mota ya umeme, si ya kudharauliwa. Dereva akishika breki, mota hugeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Faida hiyo ni kubwa katika njia zenye vituo vingi. Basi linalokwenda moja kwa moja kwa barabara kuu halinufaiki sana.

Njia nyingine ni dizeli ya mimea. Mwaka 2005 Minnesota ilikuwa jimbo la kwanza nchini humo kulazimisha dizeli ichanganywe na asilimia 2 ya mafuta hayo. Tangu 2018 kiwango ni asilimia 20 majira ya joto, lakini hushushwa hadi 5 wakati wa baridi, kwa kuwa mafuta hayo huganda. Sheria hiyo, kusema kweli, iliwatazama wakulima wa soya kabla ya abiria.

Nairobi, ambako kampuni ya BasiGo ilianza kuendesha mabasi ya umeme mwaka 2022, haina theluji. Kikwazo huko ni bei ya kuyanunua.

Mwaka huohuo wa 2022, mpango wa Metro Transit uliweka lengo kwamba angalau asilimia 20 ya mabasi ya futi 40 yatakayochukua nafasi ya yaliyochakaa hadi 2027 yawe ya umeme, na ukataja haki ya kimazingira kuwa kigezo cha kuamua mitaa gani itangulie.