Mjeledi wa Kila Usiku



Kitabu cha Shaaban Robert kiitwacho Adili na Nduguze kilitoka mwaka 1952, na tangu hapo vizazi vya wanafunzi vimekisoma. Wengi tunakikumbuka kwa ufupi tu: ndugu watatu, mmoja mwema na wawili waovu. Majina yenyewe yamekwisha kutoa hukumu kabla hadithi haijaanza, kwani mwema anaitwa Adili, na wenzake ni Hasidi na Mwivu. Msomaji hapati taabu ya kuchagua upande.

Wiki hii tunapenda kukirudia kitabu hicho kwa makini zaidi, kwa sababu ugomvi wa ndugu ni jambo linalobisha hodi katika nyumba zetu za Chang'ombe karibu kila baada ya matanga. Mzee amefariki, ameacha nyumba ya vyumba sita na fremu mbili za duka barabarani. Mmoja wa watoto anakusanya kodi ya wapangaji, mwingine anaishika hati, wa tatu anasikia habari kwa majirani. Wakija kutafuta ushauri huja mmoja mmoja, na kila mmoja huja akiwa Adili. Miaka yote hii hatujapata kumpokea Hasidi.

Tukumbushane kisa kwa kifupi. Hasidi na Mwivu walipoteza mali yao, na Adili akawagawia yake. Baadaye, safarini baharini, kwa husuda na kwa tamaa ya binti Mwelekevu, wakamtupa ndugu yao majini. Aliokolewa na jini Huria, ambaye Adili naye alikuwa amewahi kumwokoa. Huria akawageuza wale wawili kuwa manyani, akamwamuru Adili awachape kila usiku. Asipowachapa, adhabu itamrudia yeye mwenyewe. Basi Adili, liwali mwenye heshima mchana, usiku hushika mjeledi akawapiga nduguze huku analia, kisha akawalisha na kuwabembeleza. Siri hiyo iligunduliwa na Ikibali, aliyekuwa ametumwa na mfalme Rai kufuata kodi iliyochelewa.

Kwa maoni yetu, kiini cha kitabu kimo katika mjeledi huo kuliko katika husuda ya wale wawili. Kosa la Hasidi na Mwivu lilitendeka mara moja, likaisha, lakini adhabu yake haina mwisho. Tena aliyefungwa na adhabu hiyo ni Adili pia. Hawezi kulala kabla hajachapa. Hawezi kumweleza mtu. Mwema amegeuzwa kuwa mtu wa kupiga, na amri ya kupiga imeingia katika ratiba ya nyumba yake kama chakula cha usiku. Shaaban Robert aliona jambo ambalo sisi hatupendi kulikiri, yaani kwamba aliyekosewa naye anaweza kuwa mateka wa kosa alilotendewa.

Msomaji atasema: sisi hatumchapi mtu. Ni kweli, fimbo hatuna. Ila tunayo mambo mengine. Tunaacha kuhudhuria harusi ya mtoto wa kaka. Tunakaa pembeni katika msiba wa shangazi ili tusikutane macho na dada. Tunawasimulia watoto wetu, usiku baada ya usiku, habari za baba mdogo aliyekula kodi ya fremu, mpaka watoto wanarithi ugomvi kabla ya kurithi nyumba. Wapo wanaofungua shauri la haki kabisa, na likiisha kwa hukumu wanatafuta sababu ya kufungua lingine. Hapa kwetu Temeke, tangu 2021, kuna Kituo Jumuishi cha Mahakama kinachoshughulikia masuala ya familia, yakiwemo mirathi na ndoa. Tunashukuru kuwa nacho. Lakini mahakama hugawa mali. Kuwataka ndugu wakae meza moja ni kazi nyingine.

Kuna jambo la pili ambalo wasomaji wengi hawalifahamu. Kisa cha Adili kina mzizi wake katika Alfu Lela Ulela. Humo ndugu mwema ni Abdallah, liwali wa Basra, nao nduguze wamegeuzwa kuwa mbwa. Khalifa Harun al-Rashid anapata kuwarejeshea ubinadamu. Mwisho wa hadithi hiyo ni wa kutisha: wakiisha kuwa watu tena, ndugu hao wanajaribu kumwua Abdallah. Shaaban Robert alichukua kisa hicho, akakipa majina na mawaidha ya Kiswahili, kisha akaubadilisha mwisho. Kwake yeye, Hasidi na Mwivu wanarudishiwa utu wao, wanaona haya, wanatubu, na undugu unafufuka.

Je, alikuwa mjinga wa tabia za watu? Hatudhani. Aliyaandika hayo akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na ushei, ameishi chini ya ukoloni, anajua husuda ilivyo. Tunaona kwamba aliuchagua mwisho wake kwa makusudi, na akaweka masharti yake ndani ya hadithi. Kwanza, siri ilitolewa nje, mambo yakasimuliwa yote mbele ya mtu wa tatu. Pili, mtu huyo wa tatu alikuwa na mamlaka ya kuamuru mjeledi uwekwe chini, wala hakuwa na fungu katika mali. Tatu, Adili hakuufurahia mjeledi hata siku moja. Nne, waliokosa walikiri. Likikosekana moja kati ya hayo, tunarudi Basra.

Masharti haya yanafaa kupimwa katika vikao vyetu vya ukoo. Mara nyingi tunamweka kuwa msuluhishi mtu ambaye naye anaidai ile nyumba. Mara nyingi tunawaambia watu wasameheane kabla hesabu haijatolewa, na hapo tunamfunika mwizi blanketi. Sheria humtaka msimamizi wa mirathi awasilishe mahakamani orodha ya mali na hesabu ya jinsi ilivyogawanywa. Hesabu hiyo si uadui. Ndiyo ungamo la daftari, na bila hilo msamaha hauna pa kusimama.

Hata hivyo, kitabu cha Adili kina pengo, nalo tusilifiche. Ndugu wote watatu ni wanaume. Dada yuko wapi? Jibu moja limetolewa na Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Katika riwaya yake Gravel Heart ya mwaka 2017, Amir anakamatwa, na dada yake Saida anatakiwa aulipe uhuru wa kaka kwa mwili wake, kwa mtu mkubwa wa serikali. Gurnah anaitazama tamthilia ya Shakespeare, Measure for Measure, ambamo dada anayedaiwa malipo kama hayo anakataa. Saida anakubali. Amir anatoka gerezani, anapanda cheo mpaka kuwa mwanadiplomasia London, na nyumba ya Saida inavunjika. Mumewe anahama, mtoto wao Salim anakua bila kuambiwa kwa nini.

Huyu Amir hakumtupa mtu baharini. Alipokea tu, akaendelea na maisha. Katika familia zetu ndugu wa namna hii ni wengi kuliko akina Hasidi. Ni yule aliyesomeshwa kwa vitumbua vya dada yake aliyeachia shule darasa la saba, kisha siku ya mgawanyo anasema kwamba dada ameolewa, ana kwao. Hata sheria ya mirathi ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, iliwaweka mabinti daraja la tatu, chini ya kaka zao. Dada anayenyamaza kikaoni si kwamba ameridhika. Huenda ameona tu kwamba hakuna Rai wa kumsikiliza.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla ya kikao kijacho cha ukoo tunakuomba ujiulize maswali mawili. La kwanza: je, ninaushika mjeledi ambao ningeweza kuuweka chini, nami nauita haki? La pili ni gumu zaidi: je, kuna ndugu aliyelipa kwa ajili yangu, na sijapata kumtamkia? Anayejibu la kwanza tu atabaki Adili machoni pake. Anayejibu la pili huenda akaona kwamba katika hadithi ya mwenzake, jina lake si Adili hata kidogo.

Na nyinyi wazazi mlio hai, andikeni wosia mapema, wenye mashahidi, unaowataja watoto wote kwa majina yao, wa kike na wa kiume. Waiteni, waambieni mkiwa hai nani alimsaidia nani, ili deni lijulikane na shukrani itolewe mchana kweupe.