Desemba Inakuja, Seva Inaangaliwa na Nani?

Jamani, wafadhili wanapenda kupiga picha na simu mpya. Seva haipigwi picha.

Tarime na Serengeti ukeketaji una msimu: Desemba shule zikifungwa, hasa miaka shufwa kama 2020 na 2022. Mugumu ipo nyumba salama ya Hope for Girls and Women, na vijijini wapo wanaotoa taarifa kwa simu. Kazi kubwa, nawavulia kofia. Ila fomu za namna hii, ziwe za ODK au nyingine, huishia kwenye seva pepe, kipande cha kompyuta kinachokodiwa kwa mwezi. Kina kikomo. Machi kinatosha. Desemba taarifa zinamiminika, memori inajaa, Linux yenyewe inachagua programu ya kuua, mara nyingi hifadhidata, maana ndiyo mlaji mkubwa. Haipigi simu kuaga! Fomu inakwama kwenye simu ya mtoa taarifa, ofisini kimya, mnadhani kijiji kimetulia.

"Tutakodi kubwa zaidi." Nayo hujaa, logi peke yake zinaitosha. Amri za free na df hazilipiwi. Kuweka onyo la SMS diski ikifika asilimia 80 ni kazi ya mchana mmoja. Posho za warsha zipo, za mtu wa kuangalia seva usiku wa Desemba hazipo. Kwa nini?