Video ya kweli, mwendo wa uongo

Ukisikia video feki, pengine unafikiria sura ya kubandika au sauti iliyotengenezwa na kompyuta. Lakini kuna ujanja mwingine wa bei chee: mtu anaachwa alivyo, unachezewa mwendo wake tu.

Mfano maarufu ulitokea Ikulu ya Marekani, Novemba 7, 2018. Rais Donald Trump alikuwa akizungumza na waandishi wa habari. Msichana mmoja aliyekuwa kwenye mafunzo ya kazi pale Ikulu alijaribu kumnyang'anya maikrofoni Jim Acosta wa CNN, mikono yao ikagusana. Siku hiyohiyo Acosta akasimamishiwa kibali cha kuingia Ikulu, na msemaji Sarah Sanders akasambaza klipu kama ushahidi.

Wataalamu walioilinganisha na video asili walisema mkono wa Acosta ulionekana kushuka kwa kasi zaidi ya ilivyokuwa. Mguso ukageuka pigo. Aliyeirusha mtandaoni alikana kuongeza kasi, akasema aliikuza picha tu. Novemba 16 jaji aliamuru Acosta arudishiwe kibali, ila kwa hoja ya kutotendewa haki katika utaratibu, si kwa sababu ya video.

Mei 2019 ikawa kinyume chake. Hotuba ya Spika Nancy Pelosi ilipunguzwa kasi hadi karibu asilimia 75, akaonekana kama mlevi. Facebook ilikataa kuifuta.

Kwa nini inafanya kazi? Kwa sababu jicho hupima nia kwa kasi. Mkono ukienda taratibu, ni bahati mbaya. Ukienda haraka, ni ugomvi. Sekunde moja ya video ni picha kama 24 au 30 hivi. Ukitoa chache au ukizirudia, umeshabadilisha nia ya mtu bila kugusa sura yake. Simu ya kawaida inatosha.

Na teknolojia haijasimama hapo. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha programu inayochukua mienendo ya mcheza dansi na kumvisha mtu asiyejua hata kucheza.

Hatari kubwa haiko kwa mastaa. Acosta alikuwa na CNN, mawakili na kamera nyingine zilizorekodi tukio lilelile. Mlinzi, kondakta au mwalimu anayeshutumiwa kwa klipu ya sekunde 10 kwenye grupu la WhatsApp mara nyingi hana hata kimoja.

Kwa hiyo kabla hujabonyeza kusambaza, tazama mambo matatu. Je, sauti ipo? Klipu ya Sanders haikuwa nayo. Je, watu wengine kwenye picha wanatembea kawaida, au wanaruka-ruka? Na je, kuna video ndefu, au ya kamera nyingine? Kama haipo, usimhukumu mtu bado.