Desemba si mwezi wa kwenda Nkoma

Desemba ya mwaka juzi gari la shemeji yangu lilizama mbugani tukiwa karibu kabisa na nyumbani, Nkoma, wilayani Itilima. Si mbuga ya wanyama. Sisi Wasukuma tukisema mbuga tunamaanisha ule mfinyanzi mweusi wa mabondeni, ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa ndama na mvua ikinyesha hugeuka gundi. Tulishuka wote sita, tukashusha na kreti za soda za Krismasi, tukasukuma mpaka giza likaingia. Aliyetuokoa ni jirani aliyekuwa anatoka kulima na maksai wake wanne. Alifunga mnyororo, akapiga mluzi, gari likatoka. Pesa hakutaka. Alisema tu, "Ninyi watu wa Dar, mbona mnakuja wakati sisi tuko kazini?"

Tuliozaliwa Itilima na Bariadi tukahamia mijini tuna safari mbili za kwenda kwetu: ya msiba na ya Desemba. Ya msiba haina hiari. Hii ya Desemba ndiyo ninayoona tunakosea. Novemba na Desemba ndiyo miezi ya kupanda pamba, mahindi yanadai palizi, na ghala limebaki na harufu ya mtama zaidi kuliko mtama wenyewe. Ndipo tunashuka sisi, kundi zima, na kilo tano za sukari, tukisubiri kuchinjiwa. Mama hawezi kulalamika. Anapitia uani kwenda kuazima unga, na mimi nisingejua kama binti yangu wa miaka tisa asingelitangaza jambo hilo mbele ya wageni.

Huyo huyo binti na kaka yake walishinda ndani ya gari siku tatu, wakichaji simu na kusema kijijini hakuna cha kufanya. Niliwagombeza. Lakini walikuwa sahihi. Mvua inanyesha, watu wazima wako shambani tangu alfajiri, ngoma hakuna, njia hazipitiki. Raha pekee waliyoipata ni kumbikumbi wa kukaanga, na hao, nakiri, Juni huwapati.

Mwaka uliofuata nikawapeleka Juni, shule zilipofunga. Ilikuwa kama nimewapeleka wilaya nyingine.

Asubuhi kuna baridi ya kuvaa sweta. Uwanja mzima wa bibi yao ulikuwa mweupe kwa viazi: michembe, yaani vinavyokatwa vibichi na kuanikwa, na matobolwa, yaani vinavyochemshwa kwanza. Walipewa visu na kazi. Mchana walienda na binamu zao kuchuma pamba, wakarudi na mikwaruzo ya vikonyo na hadithi za nani kajaza kiroba. Kituo cha ununuzi walisimama saa nzima wakitazama mzani. Binti yangu alishangaa kwamba fulana yake ilianzia hapo, kisha akauliza kwa nini fulana ni ghali na pamba ni rahisi. Bado sijamjibu vizuri.

Jioni mjomba alitupeleka kwenye ngitili yake. Kwa asiyejua, hilo ni eneo la malisho ambalo Msukuma hulifunga wakati wa mvua ili majani yakue, halafu hulifungua kiangazi ng'ombe wakiwa hawana pengine pa kula. Bariadi ilipokuwa bado Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Simiyu kuzaliwa mwaka 2012, nchi hii ilikuwa inaelekea kuwa jangwa. Miti ilifyekwa kufukuza mbung'o na kupisha pamba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulifanikiwa pale ulipoacha kugawa miche ya kigeni na kurudi kwenye ngitili za wazee. Mjomba hakuyasema haya kwa namna hiyo. Alitembea tu akigusa mti mmoja mmoja na kuutaja jina na ugonjwa unaoutibu. Desemba angetupitishia wapi? Inakuwa imefungwa, na ukiingiza ng'ombe unatozwa faini.

Na mbina! Ngoma hizi za Kisukuma huchezwa baada ya mavuno, watu wakiwa na nafasi na pesa ya pamba. Bagika na Bagalu, vyama viwili vilivyoanza karne ya 19 kwa ushindani wa waganga wawili, Ngika na Gumha, hupambana uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Hakuna jaji anayeinua kibao. Mwanangu wa kiume, aliyeapa kuwa yeye ni Bagalu kwa sababu babu yake alikuwa Bagalu, alikimbilia kwa Bagika mara tu alipoona wametoa chatu.

Siku moja tulikwenda ziwani. Kutoka Bariadi hadi Lamadi ni lami, kilomita 70 na ushee, na pale unaliona Ziwa Victoria upande mmoja na Serengeti upande wa pili. Geti la Ndabaka liko karibu kabisa. Juni nyumbu wengi huwa ukanda huu wa magharibi. Sisi hatukuingia hifadhini, bajeti iliishia kwenye sato wa kukaanga. Tulikaa mchangani tukiangalia kina mama wakigeuza dagaa juani. Watoto walitaka kuogelea, nikakataa: kwenye majani ya ufukweni kuna konokono wa kichocho, na mamba hatoi taarifa. Walinuna mpaka samaki alipofika.

Najua majibu. Krismasi ni sikukuu ya ukoo, na ndugu wa Mwanza, Arusha na Dodoma hukutana siku hiyo tu. Ni kweli, na mwenye wazazi wazee hatangoja Juni. Wengine waajiri wao hufunga ofisi Desemba na si vinginevyo. Hao nawaomba jambo dogo: watume unga kabla ya kutuma miili yao. Ila sisi wenye siku 28 za likizo tunazoweza kuzipangia tarehe, tunaolipa nauli kwenda pwani watoto wakaone bwawa la hoteli, sioni tuna udhuru gani.

Mwaka huu nilijaza fomu mapema, Juni tarehe 10 hadi Julai tarehe 2. Bosi wangu, mtu mwema kabisa, aliiangalia, akavua miwani na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Pole sana. Nani amefariki?"

Nikamwambia hakuna. Naenda kuanika viazi.

Alisaini, lakini mchana ule nilimwona katibu muhtasi akipita meza kwa meza na bahasha ya rambirambi.