Collingwood yachukua kombe kwa pointi 4: mashabiki wanawapima wachezaji kwa mizani gani?

Jumamosi, tarehe 30 Septemba 2023, watu 100,024 walijaa uwanja wa Melbourne Cricket Ground kutazama fainali ya kabumbu ya Australia. Collingwood, klabu ya hapo hapo mjini Melbourne, iliishinda Brisbane Lions kwa pointi 90 kwa 86. Tofauti ni pointi 4, yaani chini ya goli moja. Tangu jioni hiyo mashabiki hawakunyamaza. Nani aliokoa timu? Nani alitaka kutupotezea kombe? Nani amesifiwa bure?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo huu: si kabumbu ya Mazembe na Vita Club, wala si rugby. Kila timu ina wachezaji 18 uwanjani. Uwanja una umbo la yai, na mpira pia. Mchezaji anaupiga mpira kwa mguu, anaukamata kwa mikono, au anaugonga kwa ngumi kumfikishia mwenzake, lakini kuurusha kwa mkono ni kosa. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo 4. Mpira ukipigwa kwa mguu na kupita katikati ya zile mbili ndefu, hilo ni goli, pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na ile fupi, timu inapata pointi 1. Kwetu ukikosa goli umekosa. Kule, ukikosa kwa karibu unalipwa kidogo.

Hiyo pointi 1 ndiyo mzizi wa ubishi wote. Brisbane ilifunga magoli 13 na kupata pointi 8 za pembeni. Collingwood ilifunga magoli 12 na kupata pointi 18 za pembeni. Piga hesabu mwenyewe: 13 mara 6, ongeza 8, ni 86. Halafu 12 mara 6, ongeza 18, ni 90. Timu iliyofunga magoli mengi zaidi ndiyo iliyorudi nyumbani mikono mitupu.

Shabiki wa Brisbane anaiona hesabu hiyo kama wizi wa sheria. Shabiki wa Collingwood naye, hata akiwa na kombe mkononi, anawakasirikia wachezaji wake kwa mipira yote ile iliyopita pembeni. Wote wawili, kwa maoni yangu, wanasoma nusu ya karatasi. Collingwood ilifika kwenye nguzo za mpinzani na kupata kitu mara 30, Brisbane mara 21. Timu inayofika mara 30 dhidi ya 21 haikushinda kwa bahati. Ilikuwa inatawala mchezo na kuharibu, basi ushindi mkubwa ukageuka kuwa mwembamba. Tena si kila pointi ya pembeni ni teke baya, kwa sababu beki aliyebanwa anaweza kuusukuma mpira nyuma ya nguzo zake mwenyewe, akikubali kutoa 1 ili asifungwe 6. Kwa hiyo shambulio lililomlazimisha beki kufanya hivyo ni kazi nzuri, hata kama ubaoni linaonekana kama kukosa.

Lakini nani anakumbuka robo ya pili? Mechi ya pointi 4 inamfundisha shabiki kukumbuka dakika tano tu za mwisho. Katika robo ya mwisho Charlie Cameron aliifungia Brisbane na kuiweka mbele. Jordan De Goey akajibu kwa goli la Collingwood. Steele Sidebottom akapiga teke refu kutoka mbali, likapita katikati. Zikiwa zimebaki kama dakika moja na nusu, Joe Daniher wa Brisbane akafunga, na pengo likawa pointi 4. Uwanja mzima ulisimama hadi honi ya mwisho.

Kwa wengi, basi, hadithi imekwisha: De Goey na Sidebottom ndio mashujaa. Sikatai. Sidebottom alikuwa tayari bingwa wa 2010 na timu hii hii, pamoja na Scott Pendlebury. Hao wawili walikuwa wamesubiri miaka 13 kulishika kombe tena. Ila mimi ningependa mashabiki wazungumze pia juu ya Billy Frampton. Huyu aliingia kwenye kikosi kwa sababu Dan McStay aliumia goti. Kazi aliyopewa haina utamu: kusimama karibu na Harris Andrews, nguzo ya ulinzi wa Brisbane, na kumzuia asiruke kukamata mipira ya juu kama anavyozoea. Frampton aliugusa mpira mara chache sana. Ukitazama karatasi ya takwimu peke yake, utasema hakucheza. Lakini Andrews hakuonekana kama siku nyingine, na mipira mingi ya juu ilianguka chini, mahali ambapo wafupi wa Collingwood walikuwa wanangoja.

Mmoja wa hao wafupi ni Bobby Hill, na hapa mazungumzo yanachukua uzito mwingine.

Hill alikuwa na miaka 23. Alifunga magoli 4 na akapewa medali ya Norm Smith, inayotolewa kwa mchezaji bora wa fainali. Katika robo ya pili aliruka juu ya mgongo wa Brandon Starcevich, akaukamata mpira hewani, akafunga. Picha hiyo itabandikwa ukutani kwa miaka mingi. Mwaka wa 2022, akiwa bado mchezaji wa Greater Western Sydney, madaktari walimkuta na saratani ya korodani. Alifanyiwa upasuaji, kisha akahamia Collingwood mwisho wa msimu.

Je, alistahili medali? Wako wanaosema Nick Daicos, wakati huo kijana wa miaka 20 aliyekuwa amerudi karibuni tu kutoka jeraha la goti, aligusa mpira mara nyingi zaidi. Wengine wanamtaja Keidean Coleman wa Brisbane, ambaye kwa kweli alikuwa bora wa timu yake, lakini medali hii ni nadra kwenda kwa upande ulioshindwa. Ubishi wa namna hiyo si mpya. Siku tano kabla ya fainali, Lachie Neale wa Brisbane alipewa medali ya Brownlow, ya mchezaji bora wa msimu, mbele ya Marcus Bontempelli na Daicos, na watu wengi walishangaa. Tukumbushe kwamba Brownlow inapigiwa kura na waamuzi wenyewe: baada ya kila mechi wanatoa 3, 2 na 1. Waamuzi, makocha, waandishi na mashabiki wanatazama mechi ile ile, na kila kundi linaona bora wake.

Mimi nasimama na Hill. Katika mechi ambayo timu yake ilikuwa inapiga pembeni, yeye alipiga katikati mara nne. Theluthi moja ya magoli yote ya Collingwood yametoka kwenye mguu wake. Kuugusa mpira mara thelathini ni jambo jema, lakini kombe linahesabiwa kwa nguzo.

Kuna pia suala la mwamuzi, kama kawaida. Mwishoni, filimbi ilipulizwa kwa kosa alilofanyiwa Neale, lakini Zac Bailey alikuwa tayari ameupiga mpira mbele, na mwamuzi akasema mchezo uendelee kwa faida ya Brisbane. Faida yenyewe haikuzaa kitu. Mashabiki wa Lions wanasema Neale alipaswa kupewa nafasi ya kutulia na kupiga teke lake bila kubughudhiwa. Inaumiza, naelewa. Lakini uamuzi wa sekunde moja hauwezi kubeba dakika mia moja na zaidi za mchezo.

Na bahati? Neno hilo linarudi kila mara watu wanapozungumza juu ya Collingwood. Katika mechi zao tatu za mwisho, zile za hatua ya fainali, waliishinda Melbourne kwa pointi 7, Greater Western Sydney kwa pointi 1, na kisha Brisbane kwa 4. Jumla pointi 12 katika mechi tatu, sawasawa na magoli mawili. Anayetaka kusema ni bahati ana mfano. Ila mwaka wa 2022 timu hii hii ilitolewa na Sydney kwa pointi 1, na katika fainali ya 2018 ilipoteza kwa West Coast kwa pointi 5. Kama ni bahati, basi ilikuwa imewakimbia kwanza. Mkufunzi Craig McRae aliichukua timu ikiwa imemaliza ya 17 kati ya 18 mwaka wa 2021. Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe, alipokuwa mchezaji, alikuwa Brisbane, na aliisaidia kuipiga Collingwood katika fainali za 2002 na 2003. Asubuhi ya Jumamosi, kabla hajaenda uwanjani, mke wake alijifungua mtoto wa kike.

Turudi kwa Hill. Yeye ni Mnoongar, mmoja wa wenyeji asilia wa Australia Magharibi. Jezi aliyovaa, ya mistari meusi na meupe, ina historia ambayo watu wake hawaisahau. Mwaka wa 1993, katika uwanja wa zamani wa Collingwood, mchezaji mwenyeji asilia wa St Kilda, Nicky Winmar, alitukanwa na mashabiki mechi nzima kwa ajili ya rangi yake. Timu yake iliposhinda, aliinua jezi na kuonyesha ngozi ya tumbo lake kwa kidole. Miaka 30 baadaye, mwezi wa Machi 2023, kijana wa Western Bulldogs, Jamarra Ugle-Hagan, alirudia ishara ile ile siku chache baada ya kutukanwa na shabiki. Cameron naye, yule aliyeifungia Brisbane Jumamosi, alitukanwa mtandaoni msimu huo huo.

Kwetu Kongo kuna jina moja ambalo lilipaswa kutajwa zaidi wiki hiyo. Mlinzi Héritier Lumumba alizaliwa Rio de Janeiro, mama Mbrazili, baba mwenye asili ya Kongo na Angola. Alikulia Australia, akajulikana kwanza kama Harry O'Brien, kisha mwaka wa 2013 akaanza kutumia jina lake la Héritier Lumumba. Aliichezea Collingwood mechi 199. Alikuwa ndani ya timu ya 2010, ile ile ya Pendlebury na Sidebottom, na mwaka huo alichaguliwa katika kikosi bora cha ligi nzima. Alikuwa anapigiwa makofi kama Hill alivyopigiwa baada ya fainali hii. Baadaye alieleza kwamba ndani ya klabu wenzake walikuwa wanamwita jina la sokwe. Malalamiko yake yalifanya klabu iagize uchunguzi, na ripoti iliyotoka mwezi wa Februari 2021 ilisema wazi kwamba ubaguzi wa rangi Collingwood ulikuwa ndani ya mfumo wenyewe. Rais wa klabu, Eddie McGuire, aliita siku hiyo ya kihistoria na ya kujivunia. Siku chache baadaye alijiuzulu. Wachezaji na wafanyakazi wa klabu zaidi ya 100 waliandika barua ya kuomba radhi.

Kwa hiyo shabiki wa Collingwood anaposema kwamba anampenda Bobby Hill, namwamini. Hata mwaka wa 2010 walimpenda mlinzi wao. Ninachotazama ni namna wanavyomsifu. Sikiliza: Daicos anasifiwa kwa akili, kwa kusoma mchezo, kwa kazi. Hill anasifiwa kwa uchawi, kwa kipaji cha kuzaliwa, kana kwamba lile ruko la robo ya pili lilianguka kutoka mbinguni. Mtu aliyetoka hospitali mwaka wa 2022 na kurudi kukimbia na timu bora nchini amefanya kazi kama mwingine yeyote. Na anayesifiwa kwa uchawi, siku uchawi ukikataa, ataambiwa ni mvivu. Adam Goodes wa Sydney alikuwa na Brownlow mbili na alitajwa kuwa Mwaustralia wa Mwaka 2014. Mwaka uliofuata alizomewa kila wiki, uwanja baada ya uwanja, mpaka akaacha mpira. Ligi ilimwomba radhi mwaka wa 2019, naye alikuwa ameshakwenda zamani.

Tarehe 14 Oktoba 2023, wiki mbili kamili baada ya fainali, Waaustralia walipiga kura ya maoni. Waliulizwa kama katiba iwatambue wenyeji asilia na kuwapa chombo cha kulishauri bunge, kinachoitwa Sauti. Ligi ya kabumbu ilikuwa imetangaza kwamba inaunga mkono Ndiyo. Kabla ya kura, uchunguzi wa maoni ulionyesha Hapana ikiongoza. Miongoni mwa waliopiga kura hiyo walikuwamo wengi wa wale watu 100,024 waliosimama Jumamosi ile kumshangilia Hill akivishwa medali. Msimu mpya wa mpira ulianza Machi 2024.