Boti Isiyojua Kusema Hapana

Nimekuwa kimya wiki tatu, na wale mlioniandikia mkidhani tumekatiwa stima tena hapa Kayole, safari hii stima haina makosa. Nilikuwa natafuta boti.

Ndiyo, boti. Mimi ninayeshinda kutwa nikiandika programu kwenye chumba kimoja karibu na Masimba, na ambaye maji mengi niliyozoea kuyaona ni yale yanayosimama Spine Road mvua ikinyesha. Mdogo wangu alikuwa anatimiza miaka 24. Nilipomuuliza anataka zawadi gani, akasema anataka kushuka chini ya bahari na mtungi wa hewa mgongoni, hata mara moja tu. Tukachanga pesa, mimi, yeye na jirani yetu wa ghorofa ya pili, tukapanga wikendi moja ya mwisho wa Septemba kule Diani. Ikabaki swali moja: tumwamini nani?

Kwa kuwa kazi yangu ni hii mnayoijua, nilifungua jedwali kwenye kompyuta. Mstari mmoja kwa kila kampuni, safu moja kwa kila swali. Boti imekaguliwa na Mamlaka ya Bahari, KMA? Ina redio ya VHF ama wanategemea simu ya nahodha? Jaketi za kuokoa maisha ni ngapi? Oksijeni ya huduma ya kwanza iko ndani ya boti ama imefungiwa ofisini? Mitungi ilipimwa lini? (Tarehe hiyo hupigwa muhuri kwenye chuma, karibu na shingo ya mtungi, kwa hiyo mtu yeyote anaweza kuisoma. Marekani mtungi hupimwa kwa shinikizo la maji kila miaka 5.) Kila jibu zuri nikalipa alama, nikajumlisha. Kampuni moja ikaongoza kwa mbali. Ilikuwa na vyeti vyote, boti yake inapendeza, nyota tano kila mahali, na ilijibu ujumbe kwa dakika mbili. Nikatuma shilingi elfu sita za kushikia nafasi, nikalala usingizi mzuri.

Kesho yake wakatuma fomu ya afya. Mdogo wangu alikuwa na pumu utotoni, mpaka darasa la sita tulikuwa tunaamka naye usiku. Fomu inauliza wazi kuhusu pumu. Nikawapigia. Yule kijana wa simu, mchangamfu kabisa, akaniambia: "Usijali bro, wekeni 'hapana' kila mahali. Ukiweka 'ndiyo' itabidi tuanze mambo ya daktari, na nyinyi mnakuja wikendi hii."

Wacha nieleze kwa nini hilo si jambo dogo. Ukiwa mita 10 chini ya maji, hewa iliyo mapafuni mwako iko kwenye shinikizo mara mbili ya lile la ufukweni. Ukipanda inatanuka. Kama njia ndogo za mapafu zimebana, hewa hiyo inakosa pa kupitia na inaweza kupasua pafu. Wapo wenye pumu wanaozamia, lakini baada ya daktari kuwapima. Fomu ile ipo kwa ajili ya mtu kama mdogo wangu hasa, na yule kijana alikuwa ananifundisha namna ya kuipita. Katika jedwali langu, nguzo ya "wana fomu ya afya" ilikuwa na alama kamili.

Nikauliza swali la pili, safari hii nikimpima. Nikamwambia tutazamia mara mbili Jumapili asubuhi, halafu tupande treni ya saa tisa alasiri kurudi Nairobi. Kuna shida? "Hakuna shida bro, saa sita mtakuwa mmemaliza."

Hapa sisi wa Nairobi tusikilize vizuri, kwa sababu jambo hili linatuhusu kuliko watalii wengi. Unapovuta hewa chini ya maji, naitrojeni inayeyuka mwilini. Inahitaji muda kutoka polepole. Ukienda haraka mahali ambapo shinikizo la hewa ni dogo, inaweza kutoka kwa viputo ndani ya damu na viungo, kama soda iliyofunguliwa. Ndiyo maana kozini hufundishwa kungoja saa 12 baada ya mbizi moja na saa 18 baada ya mbizi kadhaa kabla ya kupanda ndege. Watu husikia "ndege" wakadhani treni iko salama. Lakini tahadhari hiyo inahusu kimo, na huanza kuhesabiwa kwenye mita 600 na kitu. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600. Ukitoka baharini saa sita mchana ukashuka Syokimau usiku wa saa mbili, umepanda mlima ukiwa umekaa kwenye kiti. Mbizi za wanaoanza hazizidi mita 12, na hatari yake ni ndogo kuliko ya wanaoshuka sana, sitaki kumtisha mtu bure. Lakini mtu anayeuza mbizi kwa Wanairobi kila wikendi anapaswa kuuliza wateja wanarudi nyumbani lini. Huyu hata nilipomwambia mwenyewe, hakushtuka.

Nikafuta jedwali. Nilikuwa nimefanya kosa ambalo huwa nawagombeza wenzangu kazini kwa kulifanya: nilihesabu vitu vilivyopo, sikuuliza kama vinafanya kazi siku mambo yakiharibika.

Soma habari ya Conception. Ilikuwa boti ya wazamiaji kule California, na usiku wa tarehe 2 Septemba 2019 iliungua ikiwa imetia nanga kwenye kisiwa cha Santa Cruz. Watu 34 waliokuwa wamelala chumba cha chini walikufa wote. Wafanyakazi 5 waliokuwa juu, nahodha akiwa mmoja wao, waliokoka. Boti ile ilikuwa imekaguliwa na serikali mwaka huohuo na ikapita. Chumba cha kulala kilikuwa na njia mbili za kutoka, ngazi na mlango wa dharura, kama kanuni zilivyotaka. Njia zote mbili zilitokea kwenye ukumbi uleule wa juu, na ukumbi huo ndio uliokuwa unawaka moto. Yeyote aliyewahi kuweka nakala rudufu kwenye diski ileile yenye data ataelewa kwa nini niliposoma hapo niliondoka kwenye kompyuta kidogo. Na kulikuwa na sharti la kuwa na mlinzi wa kuzunguka boti usiku wakati watu wamelala. Hakuwepo. Nahodha alipatikana na hatia Novemba 2023, na 2024 akafungwa miaka 4.

Au Sea Story, iliyozama Bahari ya Shamu upande wa Misri tarehe 25 Novemba 2024, ikiwa na watu zaidi ya 40. Ukaguzi wake wa mwisho ulikuwa Machi mwaka huohuo, na wakuu wa huko walisema haukuonyesha hitilafu. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imeshaonya kuhusu mawimbi makubwa na kushauri vyombo visitoke. Ikatoka. Baadhi ya watu walikutwa hai siku iliyofuata wakiwa ndani ya boti, kwenye hewa iliyobaki.

Vyeti vilikuwepo kote kuwili. Cheti hutazama mbao, injini na vifaa siku ya ukaguzi. Uamuzi wa Jumapili alfajiri, wateja wakiwa wameshalipa na mawimbi yakiwa meupe kwenye mwamba, hakuna mkaguzi anayekuwepo kuutazama.

Na sisi watu wa Kayole hatuhitaji kwenda Misri kujifunza hili. Tunalijua kutoka steji. Gari haijai! Utaketi hata kwenye mbao kati ya viti viwili. Zile kanuni za marehemu waziri Michuki zilipoanza Februari 2004, kila matatu ilifungwa mikanda na kidhibiti mwendo. Baada ya muda ukivuta mkanda unakuta hauna pa kufungia, na kidhibiti mwendo kina swichi pembeni ya usukani. Stika ya ukaguzi iko palepale kwenye kioo. Mama zetu walitufundisha kutotazama stika. Walitutuma tutazame kama kanga anawahi kukataa abiria.

Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka mita 40 hivi tu kutoka ufukweni. Iliruhusiwa kubeba watu 300, ilikuwa na kama 400. Walikufa 272. Hapakuwa na mtu pale gatini wa kusema imetosha, akasikilizwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua wengine mtanipinga: ukitaka kujua kama boti ya kuzamia ni salama, tafuta ushahidi kwamba imewahi kukataa pesa. Waulize mara ya mwisho walighairi safari lini, na kwa nini. Mwenye boti mzuri atakujibu papo hapo, tena kwa uchungu, kwa sababu anakumbuka hasara. Anayekuambia "sisi hatughairi kamwe" kwenye pwani yenye kusi amekwisha kujibu. Waulize nani ana neno la mwisho baharini, nahodha ama ofisi. Waulize wakihesabu watu wanahesabu vichwa ama wanaita majina. Hili la mwisho linaonekana dogo, lakini Januari 1998 Wamarekani wawili, mume na mke, waliachwa baharini kwenye matumbawe ya Australia baada ya hesabu kukosewa, na boti ikachukua siku mbili kugundua. Hawakuonekana tena. Hesabu ya vichwa inaweza kutimia kwa makosa. Majina yakiitwa, la aliyekosekana linabaki bila jibu.

Nikaanza upya kwa kupiga simu. Kampuni ya tatu alipokea mzee mmoja mwenye Kiswahili cha Pwani. Kabla sijamaliza salamu alishaanza kuniuliza yeye. Mko wangapi? Mnajua kuogelea? Kuna mwenye pumu, moyo, masikio? Mnaondoka lini, na kwa chombo gani? Nilipomtajia treni ya Jumapili akasema, "La, mwanangu. Zamieni Jumamosi, Jumapili mkae pwani mle samaki, jioni muende zenu." Na mdogo wangu, bila barua ya daktari hashuki na mtungi, basi. Nikamuuliza mgonjwa wa viputo wangempeleka wapi. Akanieleza habari za chemba ya Jeshi la Wanamaji kule Mtongwe, akaongeza kwamba huwa anapiga simu kwanza kujua kama inafanya kazi wiki hiyo. Sijawahi kufurahia hivyo jibu lenye mashaka.

Elfu sita zangu kwa wale wa kwanza hazikurudi. Jirani yangu alininunia siku mbili, akisema natafuta makosa kwa watu kama ninavyotafuta kwenye programu. Na ana hoja moja ambayo sikuweza kuijibu vizuri: kughairi kunagharimu. Mafuta yamenunuliwa, vijana wanangoja posho, na msimu wenyewe ni mfupi. Wanaomsukuma nahodha atoke mara nyingi ni sisi wateja, tunaosema "tumetoka mbali na kesho tunarudi kazini". Nimewahi kuwa upande huo wa meza. Nimewahi kuachia programu Ijumaa jioni najua haijakomaa, kwa sababu mteja alikuwa anangoja na kodi ya nyumba nayo inangoja. Iliharibika Jumamosi. Mimi nilichopoteza ni usingizi tu.

Basi Jumamosi ile tulifika ufukweni saa moja asubuhi. Kusi ilikuwa haijatulia. Nahodha, kijana mdogo kuliko mimi, alisimama mchangani akitazama mwambani kama dakika tano, akaenda akazungumza na yule mzee, akarudi akasema, "Leo hatutoki. Samahanini sana." Mzee akaturudishia pesa zote kwa M-Pesa palepale, kabla hatujaomba. Jirani yangu akatazama bahari, akatazama simu yake, akacheka. Tukaenda kula viazi karai.

Tumepanga tena Februari, wakati wa kaskazi. Mdogo wangu ana miadi ya kupimwa mapafu wiki ijayo, na ameniambia daktari akikataa atashuka na miwani na mrija tu, juujuu, na mimi nitabaki naye huko juu.